Baba ana Parkinson, kaka anataka sote tupimwe vinasaba, na mimi nimeposwa

Shikamoo Mama,

Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu ana jibu lake, na mimi nimekwama katikati yao.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ana miaka 66. Tunaishi Tanga. Zamani mtu wa mtaani akiwa na barua ya kupeleka baraza la ardhi au ya kuombea kazi, alikuja kwetu ili baba amwandikie, kwa ajili ya mwandiko wake. Dalili ya kwanza ilianzia hapo hapo, nasi hatukuijua. Mstari ulianza na herufi za kawaida, ukifika katikati ya ukurasa zimesinyaa, na mwisho hazisomeki. Mama akadhani ni macho, tukamnunulia miwani. Baadaye mkono wa kulia ukaanza kutetemeka akiwa ametulia tu, kidole gumba kikisugua cha shahada bila kukoma. Watu wakasema Mwalimu siku hizi amezidisha uradi, kila saa anavuta tasbihi. Tasbihi hakuwa nayo mkononi. Kisha uso ukakosa tabasamu, hata jirani mmoja akanuna, akidhani amesalimia akadharauliwa.

Mwishowe tulifika kwa daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya rufaa, akatuambia ni Parkinson. Alimwandikia vidonge vya levodopa vilivyochanganywa na kabidopa. Vilimsaidia kweli. Alirudi kufunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe na kwenda msikitini kwa miguu.

Sasa sikiliza mambo yalivyo. Kaka yangu mkubwa yuko Marekani. Alinunua kipimo kile cha kutema mate kwenye kichupa na kukirudisha kwa posta, majibu yakaja kwamba hana vinasaba vya Parkinson. Akaweka picha ya majibu kwenye kundi letu la WhatsApp, na sote tukasema alhamdulillahi. Haukupita muda akasoma kwamba kuna jeni ya Parkinson ya Waafrika imegunduliwa, akaanza kusisitiza mimi na mdogo wetu tupimwe, gharama zote juu yake. Mdogo wetu yuko chuoni. Alijibu kwamba hataki kujua, na kwamba hata mimi nikipima nisimtajie. Walitupiana maneno mpaka mama akajitoa kwenye kundi. Wakati huohuo kuna watafiti waliokuja kliniki wakamwomba baba damu ya utafiti wa vinasaba, wakasema na ndugu wa damu wanaweza kushiriki. Baba amekubali kwa upande wake.

Mimi nina miaka 29 na nimeposwa. Harusi inshallah ni baada ya mfungo. Mama mkwe mtarajiwa alikuja kumjulia hali baba. Alimtazama ule mkono kwa muda, kisha akanifuata jikoni akaniuliza taratibu, "Hii mitetemeko ni ya ukoo?" Sikumjibu, nikamkaribisha chai. Lakini swali lake halinitoki. Babu mzaa baba naye alikuwa anatetemeka mikono. Kila akinyanyua kikombe cha kahawa, nusu ilimwagikia kwenye kisahani. Alifariki akiwa na zaidi ya miaka 80, na alilima hadi mwisho. Kwa hiyo naona mstari umenyooka: babu, baba, halafu mimi au mdogo wangu.

Nilichopanga moyoni ni kwamba nipime kimya kimya kabla ya harusi. Nikiwa sina, nisiseme lolote. Nikiwa nayo, nimwambie mchumba wangu nimwache huru aondoke. Ni mtu mwema, na ndiyo maana naogopa.

Juu ya hayo, shangazi, dada yake baba, amekuja na unga wa mbegu za upupu alionunua kwa mtu. Anataka baba aache vidonge vya hospitali, kwa sababu hivi karibuni amekuwa mzito na mkakamavu kuliko mwanzo. Yeye anasema vidonge ndivyo vinavyommaliza. Hali hii ilianza tangu tulipompa dawa ya kuzuia kichefuchefu, tuliyoinunua duka la dawa, maana levodopa ilikuwa inamtapisha. Kaka naye ananiagiza nimnunulie baba ambroksoli, dawa ya kikohozi, anasema ndiyo inayotibu hiyo jeni.

Baba juzi alitusikiliza wee, kisha akasema, "Mbona mimi hamniulizi? Ugonjwa ni wangu, na masikio ninayo."

Nishauri Mama, nianzie wapi?

Binti wa Mwalimu, Tanga

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mfikishie Mwalimu salamu zangu na pole zangu.

Umeniuliza kama upime vinasaba kabla ya harusi. Nikiisoma barua yako naona swali hilo limebeba mengine: una deni gani la kusema kwa mchumba wako, kaka ana haki gani ya kukusukuma, mdogo wako ana haki gani ya kutojua, na baba yuko wapi katika mazungumzo haya. Nitayafikia. Ila kuna jambo ulilolitaja kwa kupita tu ambalo mimi silioni dogo, na haliwezi kungoja harusi.

Ni ile dawa ya kichefuchefu. Leo hii chukua karatasi ya vidonge hivyo usome jina dogo lililoandikwa chini ya jina la biashara. Kama ni metoklopramidi, umepata mahali pa kuanzia. Parkinson inatokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanzisha na kulainisha mwendo. Levodopa ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Metoklopramidi inazuia dopamini isifanye kazi, tena inapenya mpaka ubongoni. Kwa mtu mwenye Parkinson inaweza kuleta uzito na ukakamavu huohuo unaouona, na hata mtu asiye na ugonjwa huu inaweza kumtetemesha. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama haloperidoli, zina tabia hiyo pia. Duka la dawa linauza metoklopramidi kila siku kwa watu wanaotapika, na muuzaji asipoambiwa kwamba mgonjwa ana Parkinson hana namna ya kujua. Mpigie daktari au nenda kliniki na karatasi hiyo mkononi. Kuna dawa nyingine ya kichefuchefu, domperidoni, ambayo haiingii ubongoni kirahisi, ila inahitaji daktari aangalie kwanza hali ya moyo.

Muulizeni pia kuhusu saa za kumeza. Levodopa inagombea njia ya kupita na protini ya chakula. Akiimeza pamoja na maharage, samaki au maziwa, sehemu yake haifiki inakotakiwa. Wengi huambiwa waimeze nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula, na kama inawachafua tumbo waimeze na kitu chepesi kisicho na protini nyingi, mfano ndizi mbivu. Na tafadhali, vidonge visikatishwe ghafla, awe anayesema ni shangazi au mwingine. Kuacha levodopa kwa mara moja kunaweza kumletea mgonjwa homa kali, mwili kukaza na kuchanganyikiwa, hali ya kulazwa hospitali.

Shangazi yako lakini usimcheke. Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake kwa asili. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wataalamu waliowapa wagonjwa wa Bolivia unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa, wakaulinganisha na vidonge, na unga ulifanya kazi. Walichokitafuta ni nafuu kwa watu wasio na uwezo wa kununua dawa. Kwa hiyo alichokileta shangazi si kitu cha ovyo, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Unga wa kununua kwa mtu haujapimwa, hamjui kijiko kimoja kina levodopa kiasi gani, na baba tayari anameza levodopa nyingine. Kuchanganya ni kumwongezea dozi gizani, na kubadilisha ni kuachisha dawa ghafla. Ukimweleza hivi, kwamba wazo lake lina msingi lakini kipimo hakijulikani, nadhani atakusikia kuliko ukimwambia aache uchawi. Mwombe aje nanyi kliniki na unga wake, daktari auone.

Sasa tuje kwenye ukoo.

Umechora mstari wa babu, baba, mimi. Naomba tuutazame tena. Mkono wa baba yako unatetemeka akiwa ametulia. Mkono wa babu, kwa maelezo yako, ulitetemeka akinyanyua kikombe, na aliendelea kulima mpaka miaka 80 na zaidi. Ipo mitetemeko mingine ya mikono, inayokuja mtu anapotumia mkono, inayodumu miaka mingi bila kumlemaza, na ambayo si Parkinson. Siwezi kumpima marehemu kwa barua. Enzi zake ingekuwa vigumu hata kwa aliye hai: watafiti walipozunguka jamii kwa jamii wilayani Hai, Kilimanjaro, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Basi inawezekana babu alikuwa nao na inawezekana hakuwa nao. Mweleze daktari habari za kile kikombe. Mstari uliouchora unaweza kuwa na nukta moja tu, ya baba yako.

Na majibu ya kaka? Aliyafurahia kwa haki, lakini sidhani yanasema alichokisoma. Vipimo vya mate vinavyouzwa Marekani kwa kawaida hutafuta mabadiliko machache yanayojulikana. Moja ni la jeni iitwayo LRRK2, linaloonekana sana kwa Wayahudi wa asili ya Ulaya na kwa Waarabu na Waberber wa Afrika Kaskazini. Jingine ni la jeni ya GBA1, ambalo nalo limejulikana zaidi kwa Wayahudi na watu wa Ulaya. Mtu wa Tanga akitafutiwa hayo mawili asikutwe nayo, ameambiwa kidogo sana. Na hata hao wanaokutwa na badiliko la LRRK2, wengi huzeeka bila kuugua.

Habari aliyoisoma baadaye ni ya kweli, na mimi binafsi niliipokea kwa furaha, kwa sababu kwa miaka mingi utafiti wa vinasaba vya Parkinson ulifanywa kwa damu za Wazungu kana kwamba sisi hatuugui. Mwaka 2023 mtandao wa kimataifa wa watafiti, wakiwemo madaktari wa Nigeria walioongozwa na Njideka Okubadejo wa Lagos, ulichapisha kwamba lipo badiliko katika GBA1 linaloonekana kwa watu wa asili ya Afrika, ambalo utafiti wa Ulaya haukuwahi kuliona. GBA1 inatoa maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kinachosaidia seli kuvunja takataka zake. Kikipungua, protini iitwayo alfa-sinukleini hujikusanya ndani ya seli za ubongo. Badiliko hili haliko kwenye sehemu ya jeni inayopanga umbo la kimeng'enya, liko pembeni, nalo linapunguza kiasi kinachotengenezwa. Ndiyo maana kipimo kinachosoma ile sehemu ya kwanza peke yake hulipita bila kuliona.

Sasa hesabu yake, maana neno "jeni ya Parkinson" linatisha kuliko namba. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Utafiti ule ulikuta kwamba mwenye badiliko kwenye nakala moja ana uwezekano wa kuugua kama mara 1.5 ya asiye nalo, na mwenye badiliko kwenye nakala zote mbili kama mara 3.5. Kwa makadirio yanayotumika sana, kati ya watu 100 waliovuka miaka 60, takriban mmoja ana Parkinson. Zidisha kwa 3.5, utapata watu watatu au wanne katika 100. Wale 96 wanalo badiliko na hawaugui. Wengi wa walioshiriki walikuwa Wanigeria na Wamarekani weusi, kwa hiyo hata hesabu hii usiichukue kama imeandikwa kwa ajili ya ukoo wenu. Tena kuwa na mzazi mwenye Parkinson, bila kipimo chochote, tayari kunapandisha uwezekano hadi mara mbili au tatu. Kwa maneno mengine, jambo kubwa kuhusu hatari yako unalijua tangu daktari alipomtambua baba.

Hapo ndipo mpango wako wa kupima kimya kimya unaponitia wasiwasi. Umejengwa juu ya imani kwamba kipimo kitakupa ndiyo au hapana. Hakitakupa. Ukikutwa huna, bado baba yako ana Parkinson na bado hatari yako haiko sifuri, sasa utanyamaza kwa msingi gani? Ukikutwa nalo, utamwachia mchumba aondoke kwa ajili ya jambo ambalo kwa uwezekano mkubwa halitatokea, na kama likitokea huenda liwe mnalea wajukuu. Na ukishalijua, huwezi kulisahau. Kila ukiangusha kijiko utautazama mkono wako. Wapo wanaoweza kuishi na hilo bila shida, na wapo wanaopata utulivu kwa kujua, hata wakijua baya. Wewe uko upande gani? Swali hili lijibu ukiwa peke yako, kaka asiwepo kwenye simu.

Jingine la kujiuliza ni nini kitabadilika Jumatatu asubuhi baada ya majibu. Kwa sasa hakuna dawa anayopewa mtu mzima wa afya ili Parkinson isimpate. Mazoezi yanayotoa jasho yanamfaa mwenye jeni na asiye nayo. Hiyo ambroksoli ya kaka ni kweli inajaribiwa Uingereza, kwa sababu inakiongezea nguvu kile kimeng'enya cha GBA1. Lakini wanaoijaribu wamepewa zaidi ya gramu moja kwa siku, mara kumi au zaidi ya dozi ya kikohozi, chini ya uangalizi wa madaktari, na bado haijathibitishwa kwamba inapunguza mwendo wa ugonjwa. Vidonge vya kikohozi vya dukani havitampa baba dozi hiyo, na kujaribu kuifikia nyumbani kunaweza kumdhuru. Kaka atakutumia pia habari za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kukuzwa zikawa seli za aina nyingine. Mwaka 2025 zilichapishwa taarifa mbili, moja ya wagonjwa 12 wa Marekani na Kanada, nyingine ya wagonjwa 7 wa Kyoto, Japani, waliopandikizwa seli za kutengeneza dopamini ubongoni. Lengo la kwanza lilikuwa kuona kama ni salama, na dalili zake ni za kutia moyo. Nimesisimka kuzisoma. Ila anayewauzia leo tiba ya seli shina kwa mtandao anauza kitu ambacho hao bado wanakipima, na watu wameuza viwanja kwa ajili hiyo.

Je, ipo sababu ya kupima? Ipo. Majaribio kadhaa ya dawa mpya yanachagua watu kwa jeni zao, na mgonjwa anayejua jeni yake anaweza kupata nafasi huko mbele. Lakini hilo linamhusu zaidi baba, ambaye anaumwa tayari. Kama ukoo wenu ungekuwa na watu walioanza kuugua kabla ya miaka 40, ningekuambia mtafute daktari mapema, kwa sababu ipo aina inayoitwa parkin, iliyogunduliwa Japani mwaka 1998, ambayo hurithiwa kwa namna nyingine. Hukunitajia mtu wa namna hiyo.

Na ipo njia ya kati ambayo hamjaijadili. Kutoa damu kwa utafiti si sawa na kupimwa wewe. Tafiti nyingi za vinasaba hazirudishi majibu ya mtu mmoja mmoja. Damu inapewa namba badala ya jina, na taarifa zake huchambuliwa pamoja na za maelfu ya watu wengine. Zipo ambazo hurudisha, na wewe huchagua kupokea au kukataa. Tanzania na Kenya zote zina watafiti walioingia katika kazi hii, na kila damu ya mtu wa huku inapunguza lile pengo nililokueleza. Kabla hujatia sahihi, uliza: majibu yangu yatarudishwa? Nikikataa kuyapokea mtaheshimu? Nani ataona jina langu? Nikibadili nia mnaitoa damu yangu? Usomewe fomu kwa Kiswahili mpaka uielewe. Usipoielewa, rudi nyumbani nayo.

Mdogo wako mwache na uamuzi wake. Nakuomba uufikirie hata unapofanya wako, kwa sababu mna wazazi wamoja. Ukikutwa na badiliko kwenye nakala zote mbili, maana yake kila mzazi anayo angalau moja, na hapo tayari umemgusa yeye na hata mama yako. Ukiamua kupima, kubalianeni kabla majibu yatakaa kwa nani, na kundi la WhatsApp lisiwe mojawapo. Kaka yenu, naamini, anasukuma kwa sababu yuko mbali na hana namna ya kumshika baba mkono. Mpe kazi inayomfaa mtu wa mbali. Levodopa ni dawa ya kila siku, na mnajua wenyewe gharama ya kila mwezi na siku ambazo duka zima halina. Akisimamia vidonge visikatike, amemfanyia baba jambo ambalo kipimo hakimfanyii.

Mchumba wako. Nimesoma sentensi yako mara mbili: "Ni mtu mwema, na ndiyo maana naogopa." Unaogopa nini hasa? Aondoke, au abaki kwa huruma? Ni hofu mbili tofauti, na mazungumzo yake ni tofauti. Mambo unayoyajua leo unaweza kuyasema bila kipimo: baba ana Parkinson, haiambukizi, wagonjwa wengi hawana jeni moja iliyowaletea, na mimi kama mtoto wake nina hatari kidogo zaidi ya watu wengine. Ukimwambia mwenyewe, atayasikia kutoka kwako na atapata nafasi ya kuuliza. Hatari yake unaijua: anaweza kumwambia mama yake, na swali la jikoni likarudi likiwa kubwa zaidi. Ukingoja mpaka baada ya harusi unajiepusha na hilo kwa sasa, lakini siku moja atajiuliza kwa nini mama yake aliuliza na wewe ukamimina chai. Mnaweza pia kwenda pamoja kliniki siku baba anapokwenda, akasikia kwa daktari. Wewe ndiye unayemjua. Mimi ninachokuomba ni usimwamulie kuondoka kabla hajaulizwa.

Na baba yako ameshasema neno lake. Huyu ni mwalimu. Amesomesha mtaa mzima, na akili yake iko palepale ingawa sauti imeshuka na uso hauonyeshi kitu. Kaa naye mchana wakati dawa imeshika, maana hapo maneno yanamtoka vizuri, umweleze yote: majibu ya kaka, unga wa shangazi, na hata swali la jikoni kama utaweza. Muulize anataka nini, na anataka nani ajue. Pengine atakupa ruhusa ya kumweleza mchumba wako, au atataka kumweleza yeye mwenyewe. Muulize pia anavyolala, kama anapata choo, kama ananusa harufu ya chakula, na kama moyo umemwinamia. Parkinson inagusa hayo yote, na wanaume wa rika lake hawayasemi wasipoulizwa.

Kwa kliniki ijayo andika kwenye karatasi moja kila anachomeza: jina, saa, na kilichokuwepo mezani, pamoja na hiyo dawa ya kichefuchefu na unga wa upupu kama ameshaonja. Wiki hii fanya hilo kwanza, mengine yana muda. Ukishaongea na baba niandikie tena uniambie amesema nini.